Jua na unga mweupe: Je, vyaweza kusafisha maji machafu?



Wengi wetu hapa kambini tuna jamaa waliopitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba. Jirani na uwanja huo kuna kituo cha Umoja wa Mataifa kiitwacho Tomping. Vita vilipozuka Desemba 2013, maelfu ya watu walikimbilia humo. Mvua za 2014 zilifurisha sehemu ya kambi yao, maji ya vyoo yakachanganyika na ya mafuriko. Mwezi Mei mwaka huo kipindupindu kikatangazwa mjini Juba.

Vijidudu vya kipindupindu huuawa na klorini. Lakini palipo na ndege, magari na jenereta kuna uchafu wa aina nyingine: mafuta, grisi, sabuni kali, rangi. Klorini haiondoi mafuta. Kuchemsha nako si dawa ya kutegemea. Kwa hiyo usidanganyike na maji yaliyotiwa dawa ukisahau yalikotoka.

Wataalamu wana njia moja inayotumia jua. Mwaka 1972, Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walieleza jinsi titani dioksidi inavyofanya kazi ikipigwa na mwanga ndani ya maji. Huo ni unga mweupe uliomo hata katika rangi za kupaka ukuta. Mwanga ukiupata, unga huu, kwa msaada wa maji na hewa, hutoa chembe kali zinazokata uchafu vipande vipande mpaka ubaki hasa maji na hewa ya ukaa. Unga wenyewe hauishi.

Tatizo ni kwamba punje zake ni ndogo mno; hupimwa kwa nanomita, na milimita moja ina nanomita milioni. Ukiumwaga ndani ya maji, utautoaje? Ndiyo maana wanaugandisha juu ya kioo, kigae au shanga, kisha maji yapite juu yake juani. Hupungua nguvu kidogo, kwa sababu maji hayaugusi kila upande, lakini hauondoki na maji. Mimi naona hapo ndipo penye akili.

Hata hivyo usitarajie miujiza. Sehemu ya mwanga wa jua inayouamsha unga huo ni ndogo, takriban asilimia 5 tu. Maji ya tope huzuia mwanga, basi lazima yatulie na kuchujwa kwanza, tena yapite membamba. Mafuta mazito yanayoelea huenguliwa kabla. Tena hii ni kazi ya mitambo ya maji machafu, si ya ndoo yako ya kunywa. Tafadhali usichanganye unga wa rangi na maji nyumbani!

Kwako wewe, jambo la leo ni jerikeni. Iliyowahi kubeba petroli, dizeli au dawa ya shambani isitiwe maji ya kunywa, hata ukiisugua kwa mchanga na sabuni, kwa maana plastiki hunywa mafuta na kuyatoa polepole. Nusa kabla ya kununua sokoni. Ikinuka, iache. Na maji yenye utando unaong'aa kama upinde wa mvua, watoto wasiyachezee wala usioshee vyombo. Mwite mhudumu wa afya wa mtaa wako aje ayaone.