Picha za Watoto: Ya Ukutani na ya Mtandaoni

Desemba inapofika, familia nyingi za Eldoret huwavalisha watoto nguo mpya na kuwapiga picha. Zamani picha hiyo ilipigwa studio, ikasafishwa na kutundikwa sebuleni, na mgeni aliitazama akisubiri chai. Siku hizi hupigwa kwa simu na kusambazwa kwa mamia ya watu, ilhali nyumbani hakuna hata nakala moja. Simu ikiibwa, miaka mitano ya utotoni hupotea nayo.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimkatazi mzazi kumpiga mtoto wake picha na kuiweka nyumbani. Hata hivyo, picha inayomtambulisha mtoto ni data yake ya kibinafsi. Shule, studio au biashara inayotaka kuitumia ni lazima ipate idhini ya mzazi au mlezi kwanza, na matumizi hayo yalinde haki na maslahi ya mtoto. Kwa hivyo, studio haifai kubandika picha ya mtoto mlangoni ili kuvutia wateja kabla ya kumuuliza mzazi.

Agizo hili si la karatasini tu. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Kabla ya kuweka picha mtandaoni

Picha ya ukutani huonwa na aliyekaribishwa. Ya mtandaoni huonwa na yeyote, na ikishanakiliwa haiwezi kurudishwa. Mzazi anashauriwa kuchunguza kama picha inaonyesha beji ya shule, lango la nyumbani au mtoto akiogeshwa. Beji pekee inaweza kumweleza mtu mbaya mahali pa kumpata mtoto saa za kwenda nyumbani. Ni vyema pia kuzima sehemu ya kamera ya simu inayorekodi mahali picha ilipopigiwa.

Ikiwa wamo watoto wa jirani, wazazi wao waulizwe. Mtoto mwenyewe aliye na umri wa kuelewa naye aulizwe, kwani picha inayowachekesha watu wazima leo inaweza kumfanya achekwe darasani kesho.

Kupiga na kutundika

Picha nzuri haihitaji kamera ghali. Mtoto akae karibu na dirisha au mlango ulio wazi, na mpigaji achuchumae hadi macho yao yalingane. Picha za kila siku, kama mtoto akichunga ndama au akifanya kazi ya shule, huthaminiwa baadaye kuliko zile za kusimama wima.

Kila mwaka, familia ichague picha chache za kuchapishwa. Nyuma yake yaandikwe kwa penseli jina, mahali na tarehe. Zitundikwe mbali na jua kali, moshi wa jikoni na ukuta wenye unyevu. Nakala ipelekwe kwa nyanya au ndugu, ili moja ikiharibika nyingine ibaki. Pia, kila mtoto awe na yake ukutani. Mara nyingi kifungua mimba hujaza sebule, huku kitinda mimba akijitafuta bila kujiona.

Pa kupata usaidizi

Mzazi akikuta picha ya mwanawe imetumiwa bila idhini, ahifadhi ushahidi na kuomba iondolewe. Akipuuzwa, anaweza kuwasilisha malalamishi kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria hupaswa kuyachunguza na kuyakamilisha ndani ya siku 90. Ikiwa mtoto anadhulumiwa au kutishiwa kwa kutumia picha, nambari ya kupiga ni 116, bila malipo.