Dozi ya Mtoto na Programu Inayoanzia Karatasini

Mtoto mwenye malaria isiyo kali hupewa dawa mseto ya ALu kwa kufuata uzito wake. Kwa kidonge chenye miligramu 20 za artemether na 120 za lumefantrine, mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kimoja kwa kila dozi. Kuanzia 15 hadi chini ya 25, viwili. Kuanzia 25 hadi chini ya 35, vitatu. Kuanzia 35, vinne. Dozi ni sita kwa siku tatu. Hesabu hii yaonekana nyepesi, na mwanafunzi wa kompyuta aweza kuiandikia programu kwa saa moja. Hatari imo katika wepesi huo.

Kompyuta haina busara ya muuguzi. Mwandishi wa programu akiweka “zaidi ya 15” mahali pa “15 na zaidi”, mtoto wa kilo 15 kamili atapewa vidonge 6 vya matibabu yote badala ya 12, wala hakuna kengele itakayolia. Kwa hiyo kalamu na karatasi hutangulia: nini kitaingia, kitafanyiwa nini, na nini kitatoka.

Kinachoingia ni uzito. Je, mhudumu akisahau nukta, 14.8 ikawa 148? Kisanduku kikiachwa wazi? Mtoto akiwa na kilo 4? Programu isikisie, isimame na kumwita tabibu. Tena kuna swali linalotangulia uzito: mtoto ana degedege, anatapika kila kitu, au hawezi kunyonya? Huyo si wa vidonge, ni wa huduma ya dharura. Swali hilo mtaalamu wa kompyuta hawezi kulibuni peke yake. Hulipata kwa kuketi na wauguzi.

Kisha mfamasia huandika majibu sahihi ya uzito wa mipakani, yaani 4.9, 5, 14.9, 15, na kuendelea hivyo hadi 35. Programu ikikamilika, hupimwa kwa majibu hayo.

Kinachotoka nacho chataka uangalifu. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, lakini mzazi akisoma “baada ya saa 8” aweza kuelewa alasiri. Afadhali programu itaje wakati wenyewe: dozi ya kwanza ikimezwa saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni.