Tundu Katika Paa la Gari la Safari

Gari la kupeleka watalii mbugani katika Tanzania na Kenya hutambulika kwa jambo moja ambalo halikutoka nalo kiwandani: paa lililokatwa na kutengenezewa kifuniko kinachoinuka, ili abiria aweze kusimama juu ya sakafu ya gari, kichwa na mabega yake yakiwa nje, na bado akawa kivulini. Gari lenyewe mara nyingi ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambao ulianza kutengenezwa mwaka 1984, au Land Rover Defender ya zamani, ambayo uundaji wake ulikoma Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Paa, hata hivyo, ni kazi ya mafundi bodi wa Nairobi na Arusha, na kazi hiyo, ambayo kwa mtazamaji huonekana kuwa ni kukata bati na kufunga kifuniko, ni miongoni mwa mabadiliko magumu zaidi ambayo gari la porini linaweza kufanyiwa.

Kusini mwa bara, hasa Afrika Kusini na Botswana, gari la kutazamia wanyama kwa kawaida huachwa wazi pande zote, kwa sababu aghalabu hulala na kushinda ndani ya hifadhi moja. Afrika Mashariki ilifuata njia nyingine kwa sababu ya umbali: gari lilelile linalomchukua mgeni Arusha mjini ndilo linalopita lami pamoja na malori, likapanda kingo za Ngorongoro zilizo juu ya mita 2,200, ambako asubuhi kuna ukungu na baridi kali, kisha likateremka katika vumbi hadi Seronera, katikati ya Serengeti, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Bodi iliyo wazi haifai kwa safari ya namna hiyo, na bodi iliyofungwa kabisa haimfai mpiga picha. Tundu la paa ndilo suluhu iliyopatikana kati ya mahitaji hayo mawili yanayogongana.

Wazo la kufungua paa halikuzaliwa mbugani. Kampuni ya Nash ya Marekani ilianza mwaka 1937 kuuza magari yenye kipande cha bati cha paa kinachoteleza nyuma, na mwaka 1965 Heinz Prechter, kijana aliyetoka Ujerumani, alianzisha mjini Los Angeles kampuni iliyokata mapaa ya magari yaliyokwisha kuundwa na kuyawekea madirisha. Kutokana na biashara ya aina hiyo zilienea aina zinazojulikana leo madukani: kioo kinachonyanyuka upande wa nyuma tu, kioo kinachoteleza juu ya paa kwa nje, kioo kinachojificha kati ya bati na dari ya ndani, na turubai linalokunjwa. Zote zilibuniwa kwa ajili ya gari dogo linalotembea juu ya lami, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 imejengwa juu ya chesi ya ngazi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vipande vya kukingama, na bodi hukaa juu yake ikitenganishwa nayo kwa vipande vya raba. Gurudumu la mbele la kushoto linapopanda jiwe wakati lile la nyuma la kulia limetumbukia shimoni, chesi hujisokota, na ijapokuwa raba hupunguza msokoto huo, sehemu yake hupenya na kuingia katika bodi. Boksi la karatasi ngumu lililofungwa kwa gundi ni vigumu kulisokota kwa mikono, lakini likikatwa upande wa juu hulegea mara moja, ingawa karatasi iliyoondolewa ni kidogo tu ikilinganishwa na iliyobaki. Ndivyo ilivyo kwa bodi ya gari. Bati la paa, ambalo unene wake kwa kawaida haufiki milimita moja, halina nguvu ya kujivunia likiwa peke yake, bali nguvu yake hutokana na kushikwa pande zote nne, kwa kuwa kipande cha bati kilichoshikwa hivyo hakiwezi kugeuka kutoka mstatili kuwa msambamba bila kukunjamana. Tundu kubwa linapokatwa katikati yake, kazi hiyo hubaki bila mtendaji, na kingo za tundu hulazimika kuibeba.

Kioo cha dukani kikiwekwa katika mazingira hayo huteswa na kila jiwe la njiani. Tundu huelekea kugeuka msambamba kila gari linapovuka korongo, ilhali kioo hakinyumbuki. Basi ama raba inayokizunguka hufunguka pembeni na kupitisha maji, ama kioo chenyewe hubanwa, na kwa kuwa ni kioo kilichokazwa kwa joto, siku kinaposhindwa hakipati ufa bali husambaratika chote kuwa punje ndogondogo. Joto nalo huongeza la kwake. Fremu nyingi za vioo hivyo ni za alumini, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma: kwa fremu ya urefu wa mita moja, paa likipata joto kwa nyuzi 50 zaidi ya lilivyokuwa alfajiri, alumini hurefuka kwa milimita 1.15 na chuma kwa milimita 0.6. Tofauti ya nusu milimita ni ndogo kwa macho, lakini hurudiwa kila siku katika mstari uleule wa gundi.

Mahali pa kukata pana uzito kuliko ukubwa wa tundu. Chini ya bati hupita mihimili myembamba inayounganisha nguzo za upande mmoja wa gari na zile za upande wa pili, na fundi anayekata mhimili mmojawapo bila kuweka mwingine badala yake anaacha nguzo hizo zikisimama bila kushikana. Umbo la pembe nalo halikubali uzembe. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani Ernst Gustav Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba tundu la mviringo katika bati linalovutwa hufanya mkazo kwenye ukingo wake ufike mara tatu ya mkazo wa sehemu nyingine za bati, na mwaka 1913 Charles Inglis wa Uingereza alionyesha kuwa kadiri ncha ya tundu inavyozidi kuwa kali, ndivyo mkazo unavyozidi kupanda. Ndege ya abiria ya aina ya Comet iliyoanguka karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954 ilikuja kugunduliwa kuwa ilipasuka kuanzia kwenye tundu lililokatwa juu ya paa lake kwa ajili ya antena. Kwa hiyo fundi anayejua kazi hutoboa kwanza matundu ya mviringo kwenye pembe nne, kisha hukata mistari iliyonyooka kutoka tundu hadi tundu, na kamwe hakutanishi mikato miwili katika pembe kali.

Baada ya kukata huja fremu, na hapa ndipo fundi bodi wa Arusha anapomzidi muuzaji wa vioo. Seti ya dukani huwa na fremu nyembamba inayobana bati juu na chini kwa skrubu, na inayotegemea bati hilohilo kuishikilia. Bodi nzuri ya safari hufanya kinyume chake: mabomba ya chuma ya mraba huchomelewa kuzunguka tundu lote, yakaunganishwa na nguzo za madirisha, na nguzo hizo zikateremka hadi sakafuni, kiasi kwamba mzunguko mzima wa chuma ndio unaobeba msokoto na bati linabaki kuwa ngozi tu. Ujenzi wa namna hii hurahisishwa na ukweli kwamba magari mengi ya safari hurefushwa: chesi hukatwa na kuongezwa kipande, kisha bodi ya nyuma hujengwa upya kuanzia chini, hivyo tundu huwamo katika mchoro tangu mwanzo badala ya kuwa jeraha katika paa lililokwisha kukamilika.

Kutu ni adui mwenye subira. Grenda hurusha cheche za chuma chenye moto, ambazo huzama katika rangi na katika vioo vya madirisha, na kila chembe iliyobaki juu ya paa huwa doa jekundu baada ya mvua ya kwanza. Ukingo uliokatwa nao umepoteza kinga yake, na usipopakwa rangi ya msingi yenye zinki kabla ya kufunikwa, huanza kuliwa mahali ambapo hakuna anayepaona. Katika Defender, ambayo sehemu kubwa ya ngozi yake ni alumini, hatari inabadilika sura: alumini ikigusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, na kwa sababu hiyo riveti na skrubu za chuma zisizotenganishwa na bati kwa raba au rangi nzito huacha matundu yenye unga mweupe.

Kuhusu maji, wanunuzi wengi huamini jambo ambalo watengenezaji wa magari wenyewe hawaliamini, yaani kwamba raba huzuia maji. Dirisha la paa linaloteleza, la kiwandani, lina trei chini yake, na trei hiyo ina mirija kwenye pembe zake inayoteremka ndani ya nguzo za gari na kumwaga maji chini, kwa kuwa mbunifu anajua kuwa kiasi fulani kitapita. Mirija hiyo ni myembamba. Katika nyanda za kusini mwa Serengeti, ambako udongo umetokana na majivu ya volkano na vumbi lake ni laini mno, huziba, na maji yasiyopata njia humwagika juu ya dari na miguu ya abiria. Paa la safari haliitegemei raba wala mirija. Ukingo wa tundu huinuliwa kwa sentimita kadhaa juu ya bati, na kifuniko hutengenezwa kipana kuliko tundu, kikiwa na midomo inayoning'inia nje ya ukingo huo, ili maji yaanguke pembeni kwa uzito wake yenyewe, na raba ibakiwe na kazi ya kuzuia vumbi na kelele. Ufa wa milimita chache unaotokana na msokoto wa bodi hauleti madhara hapo, maana maji yangelazimika kupanda juu ndipo yaingie. Kwa gari la porini huu ni uhandisi bora kuliko wa kioo cha bei ghali, na haifai kuuita wa kienyeji kwa maana ya kuudharau.

Kifuniko chenyewe, cha bati au cha faibaglasi, huinuliwa juu ya vyuma vinavyosimama kwenye pembe zake, na kwa kuwa hubaki kimelala sambamba na gari, hutoa kivuli kwa wote waliosimama. Kioo kisingefanya hivyo. Karibu na ikweta, ambako jua la adhuhuri hupiga takriban wima, dirisha la kioo juu ya vichwa hugeuza gari kuwa tanuri. Gari likienda kasi na kifuniko kikiwa juu, hewa inayopita ukingoni huifanya hewa iliyomo ndani ibanwe na kuachiwa mfululizo, mara 20 hivi kwa sekunde au chini ya hapo, na abiria huisikia masikioni kama shinikizo zaidi kuliko sauti. Kushusha dirisha moja la pembeni kwa kawaida hutosha kuuvunja mtikisiko huo.

Linalobaki ni suala la usalama, ambalo halina jibu la kufurahisha. Kanuni ya Marekani kuhusu uimara wa mapaa, iliyoanza kutumika mwaka 1973, ilidai paa la gari dogo lihimili mara moja na nusu ya uzito wa gari, na marekebisho ya mwaka 2009 yakapandisha kiwango hadi mara tatu. Lakini majaribio hayo ni ya magari yatokayo kiwandani, na gari lililokatwa baadaye haliwezi kurithi matokeo yake. Kifuniko na fremu huongeza uzito juu, mahali pabaya kuliko pote kwa gari refu, na abiria wanaosimama huongeza mwingine. Mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa unaoruhusiwa Serengeti, au 40 katika hifadhi za taifa za Kenya, ni sehemu ya usalama wa paa hilo.

Tundu hupitisha pia wageni wasioalikwa. Mbung'o, ambao hufuata vitu vikubwa vinavyotembea na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, huingia kwa wingi Tarangire na magharibi mwa Serengeti, na duma, aliyezoea kupanda kichuguu ili aone mbali, hupanda paa la gari kwa sababu hiyohiyo. Duma aliyeitwa Kike, aliyekuwa maarufu katika kipindi cha televisheni cha Big Cat Diary kilichorekodiwa Maasai Mara, alipata kujisaidia kupitia tundu la paa na kumchafua mtangazaji Jonathan Scott aliyekuwa chini yake.

Anayekusudia kununua gari la safari lililokwisha kutumika hana budi kuanza ukaguzi wake juu, kabla ya kufungua boneti. Injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2 hutengenezeka katika karakana nyingi za Afrika Mashariki, ilhali paa lililooza kwenye pembe za tundu hulazimu kung'olewa bodi nzima. Dari ya ndani ifunuliwe kwenye pembe nne, rangi iliyofura ikwanguliwe kwa kisu, na gari lipandishwe kwa gurudumu moja juu ya jiwe huku kifuniko kikifungwa na kufunguliwa: kikikwama, fremu haifiki kwenye nguzo, na gari hilo liachwe.