Mnara wa Sindano na Uzi

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Afrika Mashariki, cherehani ya Singer ni kama mmoja wa watu wa nyumbani. Imeshona kanzu za Idi, sare za watoto na foronya za maharusi; bibi humwachia binti, naye binti humwachia mjukuu. Wachache wajuao kwamba mapato ya cherehani hizo yaliwahi kusimamisha jengo la ofisi refu kuliko yote duniani, na kwamba jengo hilo leo halipo.

Lilikamilika mwaka 1908 jijini New York, Marekani, kando ya barabara ya Broadway. Msanifu wake, Ernest Flagg, alilipa ghorofa 47 na kimo cha mita 187. Ukumbi wake ulikuwa na nguzo za marumaru, zilizopambwa kwa shaba iliyochorwa sindano, uzi na bobini. Fahari ya urefu ilidumu mwaka mmoja tu; mwaka 1909 mnara wa kampuni ya bima ya Metropolitan Life ukalipita.

Kilicholiangusha si ufa wala moto. Flagg alitaka mitaa ipate jua na hewa, ndiyo maana akaujenga mnara mwembamba, kila upande takriban mita 20. Uungwana huo ndio ulioliponza. Kufikia miaka ya 1960 makampuni yalitaka sakafu pana. Singer wenyewe wakauza jengo wakahama, nao wanunuzi wakaona kwamba jengo pana lingeleta kodi kubwa zaidi.

Mwaka 1965 jiji lilikwisha kutunga sheria ya kulinda majengo ya kihistoria, lakini jengo la Singer halikuandikwa katika orodha yake. Mwaka 1967 wabomoaji wakaanza kazi. Kwa takriban nusu karne baadaye, halikubomolewa jengo refu kuliko hilo kwa hiari ya mwenyewe. Mahali pake sasa pamesimama One Liberty Plaza, jengo pana la chuma cheusi.

Ndugu msomaji, sheria ilikuwepo na uzuri ulikuwepo. Jina ndilo halikuandikwa. Nasi tunazo nyumba za wazee wetu, zenye milango ya nakshi na historia nzito, ambazo hazijaandikwa popote. Tuketi na wazee wangali hai, tuandike nani alijenga, lini, na kwa ajili ya nani. Mali bila daftari hupotea bila habari.