Maniema Union na msimu mpya: mbele ya kuogopa Mazembe, tuhesabu kwanza safari

Mu Kindu, mwezi wa nane ukifika, mazungumzo inabadilika. Pale watu wanakunywa chai asubui, pale wamotari wanangojea wateja, ku soko, ku bandari, kila mutu anakuwa kocha. Swali ni moja tu: mwaka huu AS Maniema Union itafika wapi? Moja anasema tutabeba championa. Mwengine anacheka, anamuuliza: «Na Mazembe utaiweka wapi?»

Mimi pia ni sapota wa ekipe hii. Ninasema hivyo mapema ili musomaji asidanganyike. Lakini kazi ya redio inatufundisha kutenganisha kile roho inataka na kile hesabu inaonyesha. Kwa hiyo leo tutazame msimu wa 2025-2026 polepole: tulitoka wapi, wapinzani wetu ni nani, na ni kitu gani kinaweza kutuangusha.

Tulitoka wapi

Msimu wa 2022-2023 Linafoot haikumalizika. Feza ilikosa, championa ikasimama, hakukuwa bingwa. Ekipe nyingi ziliumia, wachezaji wakabaki nyumbani.

Kisha ukakuja msimu wa 2023-2024. TP Mazembe ilichukua kombe, na nyuma yake, mu nafasi ya pili, ikakuwa Maniema Union. Si Vita Club, si Motema Pembe, si Lupopo. Ekipe ya Kindu. Nafasi hiyo ilitupeleka Ligue des Champions ya Afrika, na tukafika mpaka mu makundi, pamoja na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, Raja Casablanca na AS FAR za Maroko.

Mechi ya kwanza tulienda kwa Sundowns wenyewe, tukatoka 0-0. Wengi wanakumbuka ile siku. Sundowns hiyo njo ilifika mpaka finali ya mashindano. Lakini tuseme kweli yote: kundi lilipomalizika, tulikuwa wa mwisho. Ekipe ilijua kuzuia, haikujua kufunga.

Na mu championa ya 2024-2025, kombe lilienda kwa Les Aigles du Congo ya Kinshasa, kwa mara yao ya kwanza. Lupopo ilipata nafasi ya Ligue des Champions pamoja nao. Sisi tunarudi Afrika kupitia Coupe de la Confédération. Si kidogo. Kuna miji mikubwa mu Congo ambayo haijaona mechi ya Afrika tangu miaka.

Championa inachezwaje

Watoto wengi wanafuata Linafoot ku redio, lakini hawajui vizuri vile hesabu yake inaenda. Congo ni kubwa sana, kwa hiyo ekipe hazikutane zote kwa zote tangu mwanzo. Zinagawanywa mu makundi mawili. Kila kundi linacheza lenyewe kwanza. Kisha zile za juu za kila kundi zinakutana mu sehemu ya mwisho inayoitwa play-off. Pale njo bingwa anapatikana.

Maana yake ni nini kwa sapota wa Kindu? Mambo mawili.

La kwanza: mu sehemu ya kwanza adui yetu si kila ekipe ya Congo. Zile za kundi lingine tutaziona mbele, kama tutafika. Adui wa kwanza ni wale wa kundi letu.

La pili: kuwa wa tatu ao wa ine mu kundi hakuuwi msimu. Kinachouwa msimu ni kupoteza pointi kwa ekipe ndogo, kisha kujikuta inje ya play-off. Sapota anakasirika tukifungwa na Mazembe. Mimi ninakasirika zaidi tukitoka sare nyumbani na ekipe ya chini.

Na mwisho wa yote, Congo inatuma ekipe 4 Afrika: 2 mu Ligue des Champions, 2 mu Coupe de la Confédération. Kwa hiyo hata bila kombe, kuna kitu cha kupigania.

Wapinzani: nani anaogopesha kweli?

TP Mazembe. Hakuna ekipe ya Congo iliyo na makombe ya championa mengi kuliko yao. Ligue des Champions ya Afrika wameibeba mara 5: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 walifika finali ya klabu za dunia, wakafungwa na Inter Milan 3-0. Wana kiwanja chao wenyewe pale Kamalondo, chenye majani ya plastiki, na wana academie ya kufundisha vijana. Kukosa kombe mwaka moja hakukufanya Mazembe ikuwe ndogo. Mimi ninaona ni kinyume: ekipe kama ile ikiumia, inarudi na hasira.

Saint-Éloi Lupopo. Hawa ni wana wa train, cheminots. Walianzishwa 1939, na championa ya mwisho walibeba ni ya 2002. Mutoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mwanaume, na hajaona Lupopo bingwa. Njaa hiyo njo inawasukuma. Kwangu mimi, Lupopo ni hatari sawa na Mazembe. Lakini mwaka huu watakuwa na Ligue des Champions ku kichwa, na ekipe inayocheza Afrika inachoka ku championa. Sisi wenyewe tunajua hayo.

Les Aigles du Congo. Bingwa. Mwaka wa kwanza wa kombe wapinzani hawakujui. Mwaka wa pili kila mutu anakungojea. Tutaona kama wana mabega ya kubeba.

AS Vita Club. Bingwa wa Afrika wa 1973, watu wao wakijaza Stade des Martyrs kiwanja kinatetemeka. DC Motema Pembe, wale walibeba Coupe des Coupes ya Afrika mu 1994, ni hivyohivyo. Hawa wawili wanaweza kuwa na msimu mubaya miezi mitano, kisha mu play-off wakakufunga juu ya jina tu na kelele ya watu wao.

Mpinzani asiyevaa maillot

Sasa tufike pale watu hawapendi kuzungumuza. Adui mukubwa wa Maniema Union haiko mu orodha ya Linafoot.

Fungua karta. Kutoka Kindu mpaka Kinshasa, kwa ndege, ni zaidi ya kilometa 1 000. Kutoka Kindu mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 1 000 vilevile. Barabara ya lami ya kufika kule haiko. Train ya kwenda Katanga inachukua siku nyingi, na hakuna kocha anayeweza kuweka wachezaji mule kisha awaombe kukimbia dakika 90. Inabaki ndege. Na kila mukaaji wa Kindu anajua ndege yetu: leo iko, kesho haiko, kesho kutwa imejaa.

Ekipe ya Lubumbashi inaweza kucheza mechi kadhaa bila kutoka mu muji, kwa kuwa wapinzani wake wengine wako palepale. Wachezaji wanalala kwao, wanakula kwao. Sisi, kila mechi ya inje ni safari, na safari ni feza, na feza ya safari inatoka mu kapu lile moja linalolipa mishahara.

Ongeza kiwanja. Mashindano ya Afrika inaomba kiwanja chenye kutimiza masharti ya CAF: taa, vyumba, majani, viti, usalama. Mu makundi ya Ligue des Champions, mechi zetu za «nyumbani» hazikuchezwa Kindu. Mama anayeuza mihogo hapa, aliyefurahi wakati ekipe ilipita, hakuona mechi hata moja ya Raja ao Sundowns. Aliisikia ku redio kama mutu wa mbali. Kucheza «nyumbani» pale hauna watu wako, ni kucheza inje mara mbili.

Na kuna vita. Tangu mwanzo wa 2025, vita ilipofika Goma kisha Bukavu, na kiwanja cha ndege cha Goma kikafungwa, mupira wa Kivu umeteseka sana. Vijana wa kule walizoea Stade de l'Unité na kiwanja cha Concorde kule Kadutu. Wengi wao leo wanatafuta jina lingine la mashariki la kushangilia ku redio, na wanapata letu. Hiyo ni heshima, lakini pia ni muzigo: ekipe hii haibebe tena Kindu peke yake.

Wachezaji wanaenda

Kitu cha tatu ni dirisha la uhamisho. Ukikuwa wa pili mu Congo, watu wa inje wanakuona. Maxi Nzengeli alitoka kwetu Maniema Union mu 2023, akaenda Yanga ya Dar es Salaam, na kule amekuwa mupendwa wa watu. Mbele yake Fiston Mayele alitoka Vita mu 2021, akaenda Yanga, kisha Pyramids ya Misri, na mu mwezi wa sita wa 2025 akabeba nayo Ligue des Champions. Elie Mpanzu alitoka Vita akaenda Simba.

Hatuwezi kuwakataza. Kijana ana wazazi, ana wadogo wa kusomesha, na kule mushahara unakuja ku tarehe. Lakini sapota anapaswa kuelewa: ekipe unayoshangilia mwezi wa tano si ile utakayoona mwezi wa kenda. Kocha anajenga nyumba, kisha wanakuja kutoa matofali. Kwa hiyo usilinganishe msimu kwa msimu kama vile watu ni walewale.

Hesabu yangu ya sapota

Watu wataniuliza: basi unasema nini? Ninasema hivi.

Play-off tunapaswa kufika. Bila hiyo, msimu ni mubaya, hakuna kujitetea. Mu nafasi 4 za kwanza za Congo, tunaweza. Kombe? Linawezekana, lakini kwa sharti moja: tupunguze sare. Sare tatu zinatoa pointi 3. Ushindi moja na kufungwa mara mbili pia ni pointi 3. Ekipe yetu inajivuna kwamba haifungwe kirahisi, na ni kweli, lakini kutofungwa hakubebe kombe. Tunaomba mufungaji, na tunaomba roho ya kutafuta goli la pili wakati tuko na moja.

Ku Coupe de la Confédération, makundi ni lengo la haki. Tuliisha yaona, hatutatetemeka.

Wewe unayefuata, tazama vitu vitatu mu mechi tano za kwanza. Tazama pointi tunazopata nyumbani mbele ya ekipe ndogo. Tazama siku ngapi ekipe inafika mbele ya mechi ya inje: ikifika jana yake usiku, usishangae miguu ikikatala. Na tazama kama wachezaji wanaingia ku mazoezi ao wanagoma, maana mugomo wa mishahara umekwisha uwa misimu mingi ya ekipe nyingi mu inchi hii.

Kuna kitu cha ine, na hicho kiko mu mikono yetu. Jiwe moja likirushwa kiwanjani, ekipe inaweza kulipa amende, ao kucheza bila watu, ao kupelekwa kucheza muji mwengine. Tumeisha ona namna safari inatumaliza. Sapota anayerusha jiwe juu ya arbitre anaongezea ekipe yake safari nyingine. Ukikasirika, piga kelele, imba, rudi nyumbani. Jiwe liache chini.

Kwa wale wako mbali na Kindu: mechi za Kinshasa zikianza saa tisa na nusu ya kule, kwetu inakuwa saa kumi na nusu. Tayarisha redio mapema, na batri pia. Mwaka uliopita nilikosa goli la kwanza la mechi moja juu ya batri. Halirudiwe.