Kanisa Lililojengwa Bila Kufyeka Msitu

Desturi ya watu wengi watakapo kujenga nyumba ya ibada ni kuanza kwa shoka: miti hukatwa, ardhi husawazishwa, ndipo msingi huchimbwa. Lakini karibu na mji wa Eureka Springs, katika jimbo la Arkansas, Marekani, mna kanisa dogo liitwalo Thorncrown ambalo halikujengwa hivyo.

Mwenye ardhi ile, Bwana Jim Reed, alikuwa mwalimu mstaafu. Wageni walipenda kusimama kwake kutazama vilima. Badala ya kuwafukuza, aliazimu kuwajengea mahali pa kusali. Mchoraji wa majengo, Bwana E. Fay Jones, aliweka sharti moja: kisitumiwe kipande chochote kisichoweza kuchukuliwa na watu wawili. Kwa hiyo mbao za msonobari zilipitishwa kati ya miti pasipo kuudhuru msitu.

Kazi ilipofika nusu fedha ziliisha, na Bwana Reed alikaribia kukata tamaa, hata mama mmoja akamkopesha za kumalizia.

Kanisa lilifunguliwa mwaka 1980. Kimo chake ni futi 48, na madirisha yake ni 425, hata aliyeketi ndani huona majani na mvua pande zote. Mbao zilitiwa rangi ya kijivu zifanane na magome ya miti.

Wasomaji, mti wa miaka mia huangushwa kwa saa moja. Basi atakaye kujenga kanisa au msikiti na aulize kwanza: ni miti ipi iwezayo kubaki?