Dola kumi kwa mlio mmoja: soko la risasi za batamzinga Marekani

Mwindaji wa njiwa huko Texas hazionei huruma risasi zake. Paketi mbili tatu za katriji ishirini na tano zinaweza kuisha kabla jua halijawa kali, kwa hiyo hununua zile za bei ya chini. Hesabu ya mwindaji wa batamzinga ni nyingine kabisa. Majimbo mengi humruhusu dume mmoja hadi watatu kwa msimu wa machipuko, na kila dume, mambo yakienda sawa, ni mlio mmoja. Mtu anayefyatua mara mbili kwa mwaka hashtuki sana akiambiwa katriji moja ni dola 10 au zaidi. Juu ya utulivu huo wa mnunuzi limejengwa soko dogo lenye faida nono.

Batamzinga dume hulengwa kichwani na shingoni, kwa sababu mwili wake wa kilo saba hadi kumi na moja umefunikwa na manyoya mazito na minofu ya kifua. Kinachotakiwa basi ni marisau mengi yaliyosongamana mahali padogo. Kazi hiyo hufanywa na choki, bomba fupi la chuma linalokazwa kwa hesi mdomoni mwa mtutu na kuyabana marisau yanapotoka, kama kidole kinavyobana mdomo wa mpira wa maji. Mtutu wa geji 12 una upana wa milimita 18.5. Choki ya kawaida ya kubana sana huufikisha mdomo kwenye 17.6 hivi, zile za batamzinga hushuka hadi 16.9, na nyingine chini zaidi. Wenye bunduki huona tofauti hiyo ya chini ya milimita moja kuwa na thamani ya dola 30 hadi zaidi ya 100.

Kwa miaka mingi watengenezaji walishindana kwa ukubwa. Mwaka 1988 Mossberg walileta bunduki ya 835, na Federal wakaitengenezea katriji ya inchi tatu na nusu, yenye teke la kukumbukwa begani. Upepo ulibadilika zilipokuja punje za tangsteni. Madini ya risasi yana uzito wa gramu 11 kwa sentimita moja ya ujazo. Punje hizi hufika 18. Uzito huo huiwezesha punje ndogo ya milimita mbili kupenya takribani sawa na punje ya risasi ya milimita tatu, na kwa kuwa ni ndogo, nyingi zaidi huingia katika ganda lilelile. Waliotangulia ni wawindaji waliojijazia katriji nyumbani. Mwaka 2018 Federal waliingiza za kiwandani madukani, na kampuni changa kama Apex ya Mississippi zikajenga jina lao juu ya madini hayo.

Matokeo yake ya kibiashara hayakuwa kuuza bunduki kubwa zaidi. Bunduki nyembamba ya .410, ambayo zamani watu wazima waliiona kuwa ya kumfundishia mtoto kupiga sungura, sasa inabeba gramu 23 za tangsteni, punje kama 290, na inamtosha batamzinga kwa umbali wa kawaida. Savage walitoa Stevens 301 ya kufyatua mara moja, ya bei nafuu, na choki yake imepimwa mahsusi kwa risasi za tangsteni. Bunduki imekuwa nafuu na nyepesi, huku fedha zikihamia kwenye kile kinachoingizwa ndani yake na kile kinachokazwa mdomoni.

Hapo ndipo suala la kuoanisha linapokuwa la fedha. Choki kali zaidi si lazima iwe bora zaidi. Punje za madini ya risasi ni laini. Zikibanwa kupita kiasi hugongana, hubonyea na kutawanyika ovyo. Tangsteni haibonyei, lakini ni ngumu kuliko chuma cha choki yenyewe, hivyo hulazimika kusafiri ndani ya kikombe kinene cha plastiki ili isikwaruze mtutu. Kikombe nacho kina tabia zake. Kile cha Federal kimebuniwa kiandamane na punje hata baada ya kutoka mdomoni, na choki zenye matundu au meno ya kukishika kikombe hukiharibia mpango huo. Mtu anaweza kununua vitu viwili bora, kila kimoja kwa bei kali, vikakataana.

Dawa yake ni karatasi. Unachora duara la sentimita 25, unaliweka mita 36 mbele, unapiga na kuhesabu matundu. Wengi hutaka yafike mia. Ila kila jaribio linakula dola 10, na huwezi kujaribia katriji ya bei rahisi kwa sababu itatawanyika kwa namna yake. Kujaribu choki tatu na katriji tatu kunaweza kugharimu zaidi ya bunduki. Ndiyo maana watengenezaji wa choki huchapisha orodha za nini kinaendana na nini, na kwa maoni yangu orodha hizo ni bidhaa kuliko chuma chenyewe.

Upande wa choki umebaki mikononi mwa karakana za kati na ndogo, kama Trulock ya Georgia na Carlson's ya Kansas. Kila mtengenezaji wa bunduki ana hesi zake, na wakati mwingine bunduki mbili za kampuni moja hazipokezani choki, kwa hiyo mwenye mashine nzuri ya kuchonga chuma hakosi kazi. Upande wa risasi umekwenda kinyume. Federal, Remington na Hevi-Shot, majina matatu ambayo mnunuzi huyaona yakishindana rafuni, yote yalihamia kwa Czechoslovak Group ya Ucheki mwaka 2024, katika mauzo ya dola bilioni 2.2.

Serikali nayo ina fungu. Tangu sheria ya 1937, ushuru wa 11% wa bunduki ndefu na risasi huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Batamzinga waliokuwa wamebaki kama 200,000 miaka ya 1930 sasa ni karibu milioni sita, na wanawindwa katika kila jimbo isipokuwa Alaska. Ni nadra biashara kugharimia kuzaliana kwa shabaha yake yenyewe.

Kitisho kipo kwenye madini. China huchimba karibu 80% ya tangsteni ya dunia, na Februari 2025 iliweka vibali vya usafirishaji. Bei ikapanda zaidi ya maradufu mwaka huohuo. Viwanda vya silaha vya jeshi la Marekani, vinavyotakiwa kuachana na tangsteni ya China ifikapo 2027, vinaitafuta popote ilipo, ikiwemo Nyakabingo nchini Rwanda, mgodi ulioanza kupeleka mchanga wake wa madini Pennsylvania mwaka 2025. Mwindaji mwenye shabaha mbili kwa mwaka hana nguvu katika foleni hiyo.

Wengi wanaweza kurudi kwenye madini ya risasi yaliyopakwa shaba, na kwa anayemsubiri ndege afike mita thelathini sioni hasara. California hawana njia hiyo, kwani tangu Julai 2019 madini ya risasi yamekatazwa katika uwindaji wote, na bismathi, mbadala mwingine, nayo imo kwenye vibali vilevile vya China. Kinachobaki kwao kwa bei ya kawaida ni marisau ya chuma, ambayo hayafai kupitishwa kwenye choki kali za batamzinga. Atakayeyachagua atalazimika kununua choki nyingine.